Ushuru wa Nguo Kutoka Nje: Nani Hulipa, Nani Hulindwa

Kila Juni bajeti ikikaribia kusomwa, mjadala uleule hurudi kwenye matatu na makundi ya WhatsApp ya Nairobi: serikali ipandishe ushuru wa nguo za China, viwanda vifufuke, vijana wapate kazi, na zile blauzi za kuvaliwa mara mbili zikome kutuzibia mitaro. Mwaka 2025 mjadala ulipata moto zaidi. Aprili, Rais Trump alitangaza ushuru wake kwa karibu dunia nzima, Kenya ikapewa asilimia 10, na ghafla kila mtu akawa na maoni kuhusu forodha. Kuna wanaosema China ndiyo italipa. Kuna wanaosema mitumba ndiyo iliyoua Kicomi, kile kiwanda cha nguo cha Kisumu. Na kuna wanaoamini kwamba asilimia mbili tatu zaidi pale Mombasa zitarudisha vyerehani vyote vilivyonyamaza tangu miaka ya tisini.

Madai hayo yana ukweli ndani yake, ila umechanganywa na mengine. Tuanze na maneno yenyewe.

Ushuru wa forodha ni kodi inayotozwa bidhaa inapovuka mpaka kuingia nchini. Fasheni ya chapuchapu ni biashara ya kubuni, kushona na kufikisha nguo sokoni kwa wiki chache, kwa bei ndogo mno, ili mnunuzi azichoke upesi na kurudi kununua nyingine. Zara walionyesha dunia kwamba inawezekana, Shein wakaiharakisha kupitia simu. Mitumba mnaijua: nguo zilizokwisha kuvaliwa, nyingi kutoka Ulaya, Marekani na Asia, zinazoingia kwa beli. Na mfanyakazi wa ndani ya nchi, yule anayesemwa ushuru unamlinda, ni nani? Hapo ndipo penye utata, na tutafika.

Pesa inatoka mfukoni mwa nani

Chukua gauni jipya ambalo, pamoja na nauli ya meli na bima, limefika bandarini kwa thamani ya shilingi 1,000. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na ngazi ya nne ya ushuru wa pamoja, asilimia 35, iliyowekwa juu ya bidhaa ambazo nchi wanachama zinadhani zinaweza kuzitengeneza zenyewe, nguo zikiwemo. Hiyo ni shilingi 350. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani na ushuru pamoja, yaani juu ya 1,350, nayo ni 216. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli, iliyopandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa 2024. Gauni la 1,000 limefika 1,611 kabla mwenye duka hajalipa kodi ya chumba wala kanjo, askari wa kaunti, hajapita.

Aliyelipa ni nani? Aliyeandika hundi ni mwagizaji wa hapa Nairobi. Kiwanda cha Guangzhou hakijatoa hata ndururu. Kinachoweza kutokea ni kiwanda hicho kupunguza bei ili kisimpoteze mteja, na hilo hutokea mara chache kuliko wanasiasa wanavyotangaza. Wachumi waliochunguza ushuru wa Marekani dhidi ya bidhaa za China wa 2018 na 2019 walikuta karibu mzigo wote umewaangukia waagizaji na wanunuzi wa Marekani wenyewe. Sisi tulio soko dogo hatuna nguvu ya kumlazimisha muuzaji wa nje ashushe bei kuliko Marekani. Kwa hiyo ukisikia "China italipa," jua kwamba bili yenyewe inaelekea mitaa ya Umoja, Pipeline na Githurai.

Hilo peke yake halifanyi ushuru kuwa kitu kibaya. Bei kupanda ndilo lengo: nguo ya nje ikipanda, ya ndani ipate nafasi. La kuuliza ni kama nafasi hiyo kweli inamfikia mtu anayeshona.

Asilimia haiumi pale inapotakiwa

Hapa ndipo mijadala mingi huteleza. Asilimia 35 inasikika kubwa, lakini ni asilimia 35 ya nini? Kwa blauzi iliyofika bandarini kwa shilingi 200, ushuru ni shilingi 70. Kwa koti zuri la pamba la shilingi 3,000, ushuru ni 1,050. Yaani ile nguo dhaifu, ya nyuzi za plastiki, inayopoteza umbo baada ya kufuliwa mara tatu, ndiyo inayopigwa kofi jepesi zaidi. Blauzi yenyewe ilikuwa rahisi mno, na hata baada ya ushuru bado ni rahisi mno. Ushuru wa asilimia hauulizi nguo itadumu miezi mingapi.

Ithibati iko Marekani. Kwa miongo mingi nguo zimekuwa miongoni mwa bidhaa za viwandani zinazotozwa ushuru wa juu kabisa pale: fulana ya pamba asilimia 16.5, nguo nyingi za nyuzi za kutengenezwa hadi asilimia 32. Nguo za Bangladesh zililipa ushuru huo mwaka hadi mwaka. Fasheni ya chapuchapu ikakua tu, tena hasa baada ya Januari 2005, ule mpango wa kimataifa uliowekea nchi kiwango cha juu cha nguo za kuuza nje ulipofikia kikomo. Ushuru ulikuwepo wakati wote. Wanunuzi wakubwa waliufidia kwa kumkamua mwenye kiwanda, naye akamkamua mshonaji. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka kule Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, nguo zilizoshonwa mle zilikuwa zinaelekea nchi tajiri, nyingine zikilipiwa ushuru ipasavyo kabisa.

Kinachouma fasheni ya chapuchapu ni tozo ya kiasi maalumu kwa kila kipande. Tuseme kila nguo mpya inayoingia ilipe shilingi 150 bila kujali thamani. Kwa ile blauzi ya 200 hiyo ni robo tatu ya thamani yake. Kwa koti la 3,000 ni asilimia 5. Sasa muuzaji ana sababu ya kuleta vipande vichache vilivyo bora. Ulaya wamelifikia wazo hilo baada ya kufurikwa: mwaka 2024 vifurushi vidogo vya thamani ya chini, visivyolipa ushuru, vilifika bilioni 4.6, karibu vyote kutoka China. Mwishoni mwa 2025 mawaziri wa fedha wa Umoja wa Ulaya wakakubaliana kutoza, kuanzia Julai 2026, yuro 3 kwa kila aina ya bidhaa iliyo ndani ya vifurushi vya chini ya yuro 150. Marekani iliondoa msamaha wake wa vifurushi vya chini ya dola 800, kwanza kwa China mwezi Mei 2025, kisha kwa wote Agosti. Afrika Kusini, ambako nguo hutozwa asilimia 45, ilianza mwaka 2024 kudai VAT kwa vifurushi vidogo vilivyokuwa vikipita bila kulipa.

Kwa maoni yangu kuziba tundu hilo la vifurushi kuna maana kuliko kupandisha asilimia. Mwenye duka la nguo Moi Avenue analipa kila kitu nilichohesabu hapo juu, halafu anashindana na kifurushi kilichoandikwa "zawadi, dola 4." Hata asiyependa kodi anaona hapo pana dhuluma.

Lakini kuna anayelipa gharama ya tozo kama hiyo, na tusijifanye hatumwoni. Blauzi ya 200 hainunuliwi na mke wa balozi. Inanunuliwa na msichana anayeanza kazi ya mapokezi na anahitaji nguo tano za ofisi kwa mshahara mmoja. Nusura yake hadi leo imekuwa mitumba.

Mitumba: chanzo au mkia?

Nenda soko la Gikomba alfajiri ya siku ya kufungua beli. Kamba zinakatwa kwa kisu, nguo zinafura kama zilikuwa zimeshikilia pumzi, na kabla hazijatulia mikono kumi imeshaingia. Wanaowahi ni wa kamera, yaani zile safi kabisa, nyingine bado zina lebo ya duka la Ulaya. Hao ndio watakaoziuza Ngara, Toi au kwenye Instagram kwa bei mara nne. Baada yao wanakuja wa daraja la pili. Kinachobaki chini, kilichopauka, kilichotatuka, ndicho fagia, cha shilingi ishirini ishirini. Pembeni kuna watu wa pasi za makaa, mafundi wa kubana suruali na kubadilisha zipu, wabeba mizigo, mama wa chai. Beli moja inalisha mnyororo mrefu wa watu ambao hakuna anayewataja wakati wa kusema "wafanyakazi wa ndani."

Wauzaji wa Gikomba watakwambia pia kwamba kamera inapungua na fagia inaongezeka. Sababu ni ile fasheni ya chapuchapu: nguo iliyotengenezwa ife haraka Manchester haiwezi kufufukia Nairobi. Inavuka bahari, inafika kwenye beli, inaishia kwenye jalala la Dandora au mtoni. Nyingi ni poliesta, ambayo ni plastiki, na haiozi. Kwa hiyo mitumba ni mkia wa biashara hiyo, na anayetaka kuikomesha kwa kuukata mkia atajikuta bado anaangaliana na mnyama mzima.

Jumuiya ilijaribu. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikalalamika kwa serikali yao kwamba hatua hiyo inakiuka masharti ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nchi nyingi za Afrika kuuza nguo Marekani bila ushuru. Kenya ikapiga hesabu ya viwanda vya Athi River vinavyouza Marekani na kurudi nyuma upesi. Rwanda ilisimama imara: ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Julai 2018 Marekani ikaondoa msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda.

Rwanda ilipata nini? Mitumba ilipungua kwelikweli na viwanda kadhaa vikapata oda. Ila sehemu ya nafasi iliyoachwa ilijazwa na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia, na nyingine na beli zilizovushwa usiku mpakani. Ukitaka kupunguza nguo za kutupwa, kumwondolea mtu shati la mtumba lililobakiza miaka mitatu ili anunue jipya la miezi mitatu ni kurudi kinyumenyume.

Hapa Nairobi tulipata kionjo chetu. Machi 2020, kwa hofu ya korona, uagizaji wa mitumba ulisimamishwa hadi Agosti. Viwanda havikupata muda wa kujaza pengo, bei za mitumba iliyokuwa maghalani zikapaa, na waliokaa bila kazi walikuwa hawa hawa wa pasi na zipu.

Na Kicomi? Kiwanda cha Kisumu, Rivatex ya Eldoret na wenzao walianguka kati ya miaka ya themanini na mwanzo wa elfu mbili. Soko lilifunguliwa kwa haraka chini ya masharti ya wakopeshaji na mitumba ikaingia kwa wingi, hilo ni kweli. Lakini wakati huohuo wakulima wa pamba walikuwa hawalipwi kwa wakati na wameanza kung'oa mimea, mitambo ilikuwa imezeeka, umeme ulikuwa ghali na usimamizi wa mashirika mengi ya umma mnakumbuka ulivyokuwa. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikafunguliwa upya kwa mitambo mipya 2019. Changamoto yake kubwa ikawa pamba ya kutosha. Hakuna ushuru wa blauzi unaoweza kuotesha pamba.

Mfanyakazi yupi?

Kuna mshonaji wa Athi River, katika eneo la viwanda vya kuuza nje lililoanzishwa chini ya sheria ya 1990. Ni makumi ya maelfu ya watu, wengi wanawake. Wanashona jinzi na fulana za Marekani, kwa kitambaa ambacho kwa sehemu kubwa kimetoka Asia. Ushuru wa Kenya dhidi ya nguo za China hauwagusi, maana mteja wao yuko ng'ambo. Ushuru unaowagusa ni wa Washington. AGOA ilipofika mwisho wa muda wake Septemba 2025, wao ndio walioanza kuuliza kama mkataba wa mwezi ujao upo. Katika mjadala wa Marekani kuhusu kulinda wafanyakazi wa ndani, wao ndio wa nje.

Kuna muuzaji wa mitumba, tumeshamwona.

Halafu kuna fundi wa Uhuru Market pale Jogoo Road, anayeshona sare za shule, mashati ya ofisi, ovaroli. Huyu ndiye mtu hasa ambaye ushuru wa nguo za nje unadai kumlinda. Simama kando ya cherehani chake uangalie vitu vinatoka wapi. Kitambaa amekinunua Eastleigh kwa mita, kimetoka nje na kimelipiwa ushuru, mara nyingi kwa kiwango cha juu. Zipu ni ya nje. Uzi ni wa nje. Vifungo, elastiki, sindano, hata cherehani chenyewe: nje. Kila kimoja kimepita Mombasa kikiacha pesa. Umlinde dhidi ya shati la nje huku umemtoza kitambaa, ni sawa na kumlinda mpika chapati dhidi ya chapati za nje huku unga, mafuta na makaa yake yakitozwa vilevile. Ulinzi anaobaki nao ni ule wa jasho lake la kushona tu, na mara nyingine haubaki hata huo.

Viwanda vikubwa vina njia: vinaweza kuomba msamaha au punguzo la ushuru wa malighafi kupitia Jumuiya, jina likachapishwa kwenye gazeti rasmi. Fundi mwenye vyerehani vitatu anayenunua mita arobaini kwa wakati mmoja hajui hata fomu hiyo inapatikana ofisi gani. Kama kweli tunataka ushuru umfae mfanyakazi wa ndani, ningeanza kwa kushusha ushuru wa kitambaa, nyuzi na zipu ambazo hatutengenezi hapa. Faida ingefika kwenye cherehani chake wiki ileile, na mnunuzi asingeongezewa hata shilingi.

Wenye viwanda vya kufuma vitambaa, Thika kwa mfano, watapinga, na wana hoja: soko la vitambaa likifunguliwa, wao ndio watakaofunga. Ndiyo maana jambo hili ni gumu. Ukimlinda mfumaji unamwumiza mshonaji, ukimfungulia mshonaji unamwacha mfumaji na mkulima wa pamba wa Busia au Lamu. Jibu la busara ni kutofautisha: linda aina za kitambaa ambazo viwanda vyetu vinazifuma kwa wingi wa kutosha, fungulia zingine. Kazi hiyo inadai karani mwenye subira na orodha ndefu, sio hotuba.

Na usitegemee kiwango cha juu kifanye kazi peke yake. Kanga, vikoi na vitenge vimekuwa kwa miaka mingi kwenye orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya, ushuru asilimia 50. Pita Biashara Street uulize vitenge vile vimechapishwa wapi. Ushuru mkubwa huvutia ujanja mkubwa: thamani kuandikwa nusu, jina la kitambaa kubadilishwa kwenye makaratasi, mzigo kupita njia za panya. Nigeria iliwahi kupiga marufuku kabisa vitambaa vya nje, vikawa vinaingia kupitia Benin, na viwanda vya Kano na Kaduna vikaendelea kufungwa.

Kazi moja inagharimu ngapi

Ushuru huweza kuleta kazi. Januari 2018 Marekani iliweka ushuru wa mashine za kufulia nguo, na utafiti uliofuata ulikadiria nafasi za kazi zipatazo 1,800 zilipatikana. Bei ya mashine ilipanda kwa takriban asilimia 12, na mashine za kukausha, ambazo hazikuguswa na ushuru, zikapanda pia kwa sababu huuzwa pamoja. Ukigawa walicholipa wanunuzi kwa idadi ya kazi, kila kazi moja iligharimu zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Kushona kunahitaji mikono mingi kuliko mashine za kufulia, kwa hiyo hesabu yetu inaweza kuwa nzuri zaidi. Lakini ni lazima ipigwe, na sijasikia ikipigwa bungeni.

Fasheni ya chapuchapu ina dawa nyingine ambazo forodha haina. Ufaransa tangu 2007 ina sheria inayomtaka anayeingiza nguo sokoni achangie gharama ya kuzikusanya na kuzichakata zikiisha. Pesa hiyo inamfuata anayezalisha taka. Kwetu, gharama ya fagia iliyotupwa inaishia kwa kaunti na kwa wanaochambua taka Dandora, na aliyeishona poliesta ile wala hajui Dandora iko wapi.

Bajeti ikisomwa tena, usisikilize hotuba peke yake. Viwango halisi hutoka kwenye gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla ya Julai mosi, kwa sababu Kenya haipangi ushuru huu peke yake. Huomba ruhusa ya kutofautiana na wenzake, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja. Nguo mpya ziko sura ya 61 na 62. Mitumba ni 63.09. Nyuzi na vitambaa viko sura ya 50 hadi 60, kurasa ambazo huwa hazisomwi, na huko ndiko bei ya sare ya mwanao inakopangwa. Angalia pia kama kiwango kimeandikwa kwa asilimia peke yake au kuna kiasi maalumu kwa kilo au kwa kipande, "chochote kilicho kikubwa zaidi." Maneno hayo manne yana nguvu kuliko tarakimu iliyotangulia.